Chupa ya maji mkononi mwa Mkristo: Haja, fahari au dhambi?

MAJI ya chupa yameingia kanisani na kuketi kiti cha mbele. Iwe ni harusi, mazishi, harambee au mkutano wa wazee wa kanisa, ni nadra siku hizi kukosa chupa zilizopangwa juu ya meza ya wageni waheshimiwa, vifuniko vyake vikiwa bado havijafunguliwa.

Wengi huliona hilo kuwa jambo dogo mno kujadiliwa. Mtu ana kiu, ana pesa, amenunua maji na kunywa. Kuna dhambi gani hapo?

Hata hivyo, kwa takriban miongo miwili sasa, makanisa katika nchi mbalimbali yamekuwa yakilijadili suala hilo kwa makini. Baadhi yamefikia uamuzi kwamba chupa ya maji si bidhaa ya kawaida kama soda au biskuti, kwa kuwa maji ni uhai, na uhai haupaswi kugeuzwa kuwa kitu cha kupatikana na wenye pesa pekee.

Nchini Kenya, ambapo zaidi ya watu wanane katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo katika sensa ya 2019, swali hilo lina uzito wa kipekee. Hapa chupa ya maji huweza kuwa kinga ya maradhi, alama ya hadhi, taka ya kuziba mtaro, na ushahidi kwamba bomba la umma limeshindwa kazi yake. Yote hayo huweza kuwa kweli kwa chupa moja.

Sababu za mnunuzi

Kabla ya kumhukumu anayenunua, ni haki kwanza kuzisikiza sababu zake. Mkurupuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuendelea hadi 2023 ulizikumba kaunti nyingi na kusababisha vifo. Maradhi hayo huenezwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mzazi anayemnunulia mwanawe maji yaliyofungwa kwa sababu haliamini bomba linalopita kando ya mtaro wa majitaka hafanyi anasa. Anatimiza wajibu wa kulinda uhai aliokabidhiwa na Muumba wake.

Katika sehemu za Bonde la Ufa kuna tatizo la aina nyingine. Maji ya visima vingi huko yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Watoto wanaokua wakinywa maji hayo hupata meno ya rangi ya kahawia, na kiwango kikiwa cha juu kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha hakusaidii. Moto huua viini vya maradhi lakini floridi hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua kwa mvuke.

Aidha, Maandiko hayakatazi kulipia maji. Katika Kumbukumbu la Torati 2:6, wana wa Israeli wanapopita katika nchi ya wana wa Esau wanaagizwa wanunue chakula na maji kwa fedha. Hapo kulipa ni uadilifu, kwani mgeni hana haki ya kupora kisima cha mwenyeji.

Lakini Biblia hiyo hiyo inaeleza upande wa pili. Katika Maombolezo 5:4, baada ya Yerusalemu kuangamizwa, watu wanalia kwamba sasa wanalazimika kuyanunua hata maji yao wenyewe. Kitendo ni kile kile cha kutoa fedha na kupewa maji, ila hapa kinahesabiwa miongoni mwa ishara za msiba.

Tofauti ya visa hivyo viwili ndiyo inayofaa kutafakariwa. Katika kisa cha kwanza, mgeni analipia kisima cha mwingine. Katika cha pili, mwenyeji analipishwa kilicho chake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mwezi mmoja tu kabla ya Katiba hiyo kuzinduliwa, Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Basi Mkenya anayelazimika kununua maji ya kunywa kwa sababu bomba limekauka au limechafuka yuko karibu zaidi na waombolezaji wa Yerusalemu kuliko wasafiri wa jangwani.

Hesabu ya mtungi

Tuchukue mfano wa bei. Chupa ya nusu lita ikiuzwa Sh40, lita moja inagharimu Sh80, na mtungi wa lita 20 unafika Sh1,600. Kwa upande mwingine, mita moja ya ujazo ya maji ya bomba, yaani lita 1,000, humgharimu mteja wa nyumbani jijini Nairobi pesa ambazo hazitoshi kununua hata chupa tano za aina hiyo.

Kati ya hao wawili yuko mkazi wa mtaa wa mabanda. Hana bomba nyumbani wala hana uwezo wa kununua katoni. Hununua kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni, na kwa kila lita hulipa zaidi ya jirani yake tajiri mwenye bomba. Mgao unapokatizwa, bei ya mtungi hupanda siku hiyo hiyo. Kumwambia mtu huyo kwamba maji ya chupa ni anasa ni kumweleza jambo analolijua siku zote. Swali linamhusu zaidi yule mwenye hiari ya kuchagua.

Makanisa ya nje yalivyoamua

Mnamo 2005, makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti ya Uswisi na Brazil yalitia sahihi tamko la pamoja lililosema kwamba maji ni haki ya binadamu na mali ya umma. Mwaka uliofuata, Kanisa la Muungano la Canada, ambalo ndilo kubwa zaidi miongoni mwa makanisa ya Kiprotestanti nchini humo, liliwahimiza waumini wake waepuke kununua maji ya chupa inapowezekana.

Mnamo 2016, Baraza la Makanisa Ulimwenguni (WCC), ambalo makao yake yako Geneva, lilijiunga na mpango wa jamii zinazoahidi kuyatetea maji kama haki na mali ya umma. Mojawapo ya ahadi za mpango huo ni kutouza wala kugawa maji ya chupa pale ambapo maji ya bomba ni salama.

Maneno hayo ya mwisho ni muhimu kwa msomaji wa Kenya. Mkazi wa Toronto au Geneva anayekataa chupa hufungua bomba jikoni mwake na kunywa bila hofu. Mkazi wa Kisumu, Mombasa au Mathare hana hakika hiyo. Kwa hivyo uamuzi wa Canada hauwezi kuhamishwa hadi Kenya kama ulivyo. Kinachoweza kuhamishwa ni kanuni iliyouzaa: kwamba Mkristo hawezi kuridhika na usalama wa kinywaji chake huku akiwa hajali wengine wanakunywa nini.

Marehemu Papa Francis aliigusa kanuni hiyo mara mbili mwaka wa 2015. Kwanza, katika waraka wake wa Laudato Si', alifundisha kwamba maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu kwa sababu uhai unayategemea. Halafu, Novemba mwaka huo, akizungumza na wakazi katika kanisa la mtaa wa Kangemi, Nairobi, alisema kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha kiofisi ni dhuluma kubwa, hasa ikiwa kuna anayejitajirisha kutokana na shida hiyo.

Nao Ushirika wa Kianglikana tangu 1990 umehesabu utunzaji wa viumbe na mazingira kuwa alama ya tano ya utume wa Kanisa. Hivyo basi, anayedai kwamba mambo ya maji na taka ni ya wanaharakati wala si ya madhabahu, hajafuatilia mafundisho ya makanisa yenyewe.

Mbuzi wanaovuruga maji

Baada ya maji kunywewa, chupa hubaki. Imetengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na haiozi kama ganda la ndizi. Hukatika vipande vidogo na vidogo zaidi, vikasambaa udongoni, mitoni na baharini kwa muda mrefu kuliko umri wa aliyeinunua.

Kenya imepiga hatua. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa Agosti 28, 2017. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga za wanyama, fuo na misitu inayolindwa. Lakini nje ya maeneo hayo chupa zingali zinatupwa ovyo. Baadhi huokotwa na watu wanaojitafutia riziki katika majaa kama lile la Dandora, nazo nyingine huishia katika mitaro. Mtaro ukiziba, mvua kubwa huleta mafuriko. Na mafuriko yakichanganya maji ya vyoo na ya visima, maradhi hufuata.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono ambao wakishakunywa maji safi huyavuruga yaliyobaki kwa kwato zao, wale wanyonge wakaachiwa matope. Onyo hilo lilielekezwa kwa wenye nguvu wa Israeli, lakini linamfaa kila anayekunywa maji safi kisha akairusha chupa dirishani mwa matatu. Kunywa kwake kumeyachafua maji ya mwingine, naye huenda asimjue kamwe.

Meza ya mbele na pipa la nyuma

Upo upande mwingine wa suala hili ambao hauhitaji wataalamu kuueleza. Katika hafla nyingi za kanisa, walio kwenye jukwaa hupewa maji ya chupa. Waumini walio chini ya hema hutafuta pa kunywea wenyewe. Akina mama wanaopika tangu alfajiri huchota kutoka kwa pipa lililo nyuma ya jengo, kwa kikombe kimoja cha plastiki kinachozungushwa.

Ikiwa maji ya pipa hilo ni salama, kwa nini wageni wasipewe hayo hayo yakiwa katika jagi na glasi? Na ikiwa si salama, ni kwa ujasiri gani yanaachiwa wapishi na watoto? Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unakemea kusanyiko linalomketisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwacha maskini akisimama. Mtume hakutaja maji, ila kipimo chake kinatosha. Kiu haina cheo.

Fauka ya hayo, kuna wanaouza maji ya chupa kwa jina la upako. Chupa ya kawaida hubandikwa karatasi yenye picha ya mhubiri, bei ikapanda mara kadhaa, na mgonjwa akaambiwa anywe apone. Katika 2 Wafalme 5, Naamani anatakaswa ukoma katika mto Yordani, naye nabii Elisha anakataa zawadi zote. Mtumishi wake Gehazi anapomfuata mgeni kwa siri na kujitwalia fedha na mavazi, anarithi ukoma ule ule. Aliyekata tamaa hawezi kupigania bei, na ndiyo maana kumuuzia tumaini ni uovu mkubwa kuliko kumuuzia maji.

Dhamiri na damu

Je, basi, Mkristo anywe au asinywe? Mtume Paulo alikabiliwa na swali la namna hiyo kuhusu nyama iliyouzwa sokoni baada ya kutolewa kwa sanamu. Jibu lake katika 1 Wakorintho 10 lilikuwa kwamba kitu chenyewe si najisi, kwa kuwa dunia yote ni ya Bwana. Lakini pindi ulaji wa mmoja unapomuumiza mwenziwe, uhuru huo una mpaka. Alikataa kuwatwika waumini sheria isiyo ya lazima. Alikataa pia kuwaachia wafanye watakavyo bila kumtazama jirani.

Kisa kinachokwenda mbali zaidi ni cha Daudi katika 2 Samweli 23. Akiwa vitani, alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu kilichokuwa mikononi mwa Wafilisti. Mashujaa wake watatu walipenya katikati ya maadui, wakachota na kumletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akiyaona kuwa sawa na damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Maji yale yalikuwa safi, na Daudi alikuwa na kiu ya kweli. Kilichomzuia ni kwamba aliijua gharama iliyolipwa na wengine. Wanunuzi wengi wa leo hawaijui gharama hiyo kwa sababu haikuandikwa kwenye chupa. Haiandikwi habari ya mtaro ulioziba, wala ya bomba la mtaa ambalo halikukarabatiwa kwa kuwa wenye sauti ya kulalamika walikwisha kulihama.

Hiyo ya mwisho ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mwalimu, daktari, diwani na mchungaji wanapokuwa na katoni zao nyumbani, bomba la umma hubaki la wasiosikika. Likiharibika, hakuna anayepiga simu. Likitoa maji ya rangi ya chai, hakuna anayeandika barua. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu; kwa mwenye mahitaji madogo chupa moja ni bahari, naye huweza kusahau kwamba wapo wanaohitaji mto.

Kanisa lifanye nini?

Kusema tu kwamba chupa ni mbaya hakumpi mtu yeyote maji. Uzoefu wa hapa nchini unaonyesha kwamba kanisa linaweza kufanya zaidi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, imehusika katika kuunda na kusambaza vichujio vya kuondoa floridi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa hadi ikawa mkaa maalumu, na maji yanapopita humo floridi hunaswa. Mkaa huo huchoka na hauna budi kubadilishwa, lakini familia hupata maji ya kunywa bila kununua chupa kila siku.

Paa la kanisa nalo ni kisima kilichosahaulika. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanisa lenye paa la mabati la mita 300 za mraba, likipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 3,000, kabla ya kuondoa kiasi kinachopotea. Hizo ni sawa na chupa 6,000 za nusu lita katika mvua moja. Maji ya mvua, tena, huwa na floridi kidogo sana. Yanachohitaji ni mifereji safi, tangi lenye kifuniko, na kutibiwa kwa klorini au kuchemshwa kabla ya kunywewa.

Hata chupa tupu inaweza kutumika. Wataalamu wamethibitisha kwamba maji yasiyo na tope yakiwekwa ndani ya chupa safi ya plastiki inayoangaza, isiyozidi lita mbili, na kuachwa kwenye jua kali kwa saa sita, viini vingi vya maradhi hufa. Mawingu yakitanda, huhitaji siku mbili.

Isitoshe, kamati ya kanisa inaweza kuyapeleka maji ya bomba la mtaa katika maabara, ikasoma matokeo hadharani na kuyafikisha katika ofisi ya kaunti. Mchungaji anayeweza kukusanya mamilioni ya ujenzi wa jumba hashindwi kuuliza ni kwa nini shule iliyo jirani haina maji. Nayo hafla ijayo inaweza kuandaliwa kwa jagi na glasi kwa wote. Chupa zikilazimu, basi wapewe wote, kisha pawe na gunia la kuzikusanyia na mtu aliyepewa jukumu la kuzifikisha kwa wanaozitengeneza upya.

Kwa mizani hiyo, anayenunua chupa kwa sababu hana maji mengine salama hana hatia ya kuungama. Anayenunua kwa fahari ana jambo la kujiuliza. Na anayenunua kisha akaona kwamba suala la maji limekwisha kwa kuwa kiu yake imekwisha, huyo ndiye Maandiko yanayemtafuta.

Injili ya Yohana, sura ya nne, inasimulia kwamba Yesu alipochoka kwa safari aliketi kando ya kisima cha Yakobo, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Yakobo alikuwa amefariki karne nyingi kabla, lakini kisima alichowaachia watu kilikuwa kingali kinatoa maji, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Kamati za makanisa zinapopitisha bajeti zao za mwaka, zinaweza kuanza kwa kulinganisha pesa zilizotumika kununua maji ya meza kuu na zile zilizotumika kuwapatia majirani wa kanisa maji.